Kuhusu foleni ya Lou Mitchell's, Chicago
Ndugu, umeuliza kama inafaa kupanga foleni kwenye mkahawa wa Lou Mitchell's ukiwa na watoto na treni ya kuwahi. Inafaa, mradi uende siku ya kazi asubuhi na mapema, kwa kuwa mwishoni mwa wiki watu husubiri hadi nje, kando ya Jackson Boulevard. Mkahawa huo, uliofunguliwa mwaka 1923 karibu na mwanzo wa barabara ya Route 66, una desturi ya kuwagawia wanaosubiri donati ndogo za mviringo mfano wa kalimati, jambo ambalo (nakuhakikishia) huwatuliza watoto kuliko simu. Agiza kimanda, ambacho huletwa mezani kikiwa bado kwenye kikaango. Kutoka hapo, kituo cha treni cha Union Station ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.