Kazi ya Usiku Inayokatika Katikati

SWALI: Mhariri, ninasimamia mitambo ya chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Programu yetu ya wavuti inaendeshwa na IIS, yaani programu ya Microsoft ya kuhudumia tovuti, kwenye seva ya kukodi, na ndani yake mna kazi ya kukokotoa riba za wanachama ambayo huanza saa saba na nusu usiku na kuchukua muda wa saa moja. Mara nyingi inakamilika, lakini mara moja moja inakatika katikati bila kuacha ujumbe wowote wa kosa. Ule muda wa dakika 20 wa kuzima programu isiyotumika nilishauondoa. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Ngara)

JIBU: Ndugu msomaji, huko kukatika kwa mara moja moja ndiko kunakotupa dalili. Usipobadilisha mipangilio, IIS huuanzisha upya mchakato unaoendesha programu kila baada ya dakika 1,740, yaani saa 29, na hesabu hiyo huanza pale mchakato ulipowashwa. Kwa kuwa saa 29 zinazidi siku nzima kwa saa tano, zamu husogea kila mara: mchakato uliowashwa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi utaanzishwa upya Jumanne saa tano asubuhi, kisha Jumatano saa kumi jioni, kisha Alhamisi saa tatu usiku, na zamu inayofuata itaangukia usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane kamili, riba zikiwa nusu. Mchakato wa zamani hupewa sekunde 90 umalize yaliyo mkononi, kisha huzimwa kwa nguvu, ndiyo maana programu yako haipati hata nafasi ya kulalamika. Fungua kumbukumbu za matukio ya mfumo katika Windows utafute tukio namba 5074 kutoka WAS, yaani huduma ya Windows inayosimamia michakato ya IIS. Saa yake ikilingana na ya kukatika, ubishi umekwisha.

Weka ule muda wa dakika 1,740 kuwa sifuri, kisha utaje saa maalumu ya kuanzisha upya, tuseme saa kumi na nusu alfajiri, kazi ikiwa imekwisha kitambo. Uangalifu unahitajika hapa, kwa sababu IIS hufuata saa ya seva, na seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Ukiandika 04:30 kwenye seva ya namna hiyo, programu itaanzishwa upya saa moja na nusu asubuhi, wanachama wakiangalia salio zao. Unachopaswa kuandika ni 01:30.

Kuna jambo la pili ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Kwa kawaida IIS huwasha mchakato mpya kabla ya kuuzima wa zamani, ili wageni wasikatiwe huduma. Kwa kurasa ni jambo jema, lakini kipanga ratiba, yaani kile kinachoianzisha kazi saa yake ikifika, kikiwa ndani ya programu, kwa kitambo vinaweza kuwa viwili, na kazi moja ikashikwa mara mbili. Riba iliyoingizwa mara mbili ni balaa kubwa kuliko riba iliyochelewa, kama mhasibu wenu atakavyokueleza. Weka kufuli katika hifadhidata, yaani alama kwamba kazi tayari imeshikwa, ili mchakato unaoikuta urudi nyuma. Vilevile, kuanzia IIS 8 unaweza kuagiza mchakato uwe umewashwa wakati wote na programu ipakiwe kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Usipofanya hivyo, baada ya kuanzishwa upya kipanga ratiba kinaweza kulala hadi mtu afungue ukurasa.

Hata hivyo, mimi ningeitoa kazi hiyo nje ya programu ya wavuti kabisa, niikabidhi kwa kipanga kazi cha Windows. Mipangilio ya saa haikukingi dhidi ya mwenzako anayehifadhi web.config, faili ya mipangilio ya programu, usiku, kwani hilo nalo huianzisha programu upya. Popote utakapoiweka, iandike alama kwa kila mwanachama aliyekwisha kukokotolewa, katika muamala uleule unaoingiza riba yake, ili ikikatika ianze pale ilipoachia.