Kabla Hujalipia Maiki ya Kupachika Juu ya Kamera

Muuzaji atakwambia maiki ya shotgani, ile yenye mrija wenye matundu pembeni, inavuta sauti ya mbali. Haivuti. Kazi yake ni kupunguza sauti za pembeni, na hata hiyo inaifanya vizuri kwenye sauti nyembamba tu. Sauti inayotoka ubavuni huingia kwenye mrija kupitia matundu ya pembeni kwa nyakati zinazopishana kidogo, kisha inajifuta yenyewe. Ili ijifute vizuri, mrija lazima uwe na urefu wa maana ukilinganisha na urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 34 hivi. La hezi 100, yaani sauti nzito, linafika mita 3.4. Maiki nyingi za kupachika kwenye kamera hazizidi sentimita 20. Ndiyo maana jenereta la jirani na mngurumo wa daladala hupenya karibu kama kawaida, hata kwenye maiki ya bei mbaya.

La pili ni umbali. Msemaji akisogea kutoka mita moja hadi mbili, sauti yake inayofika moja kwa moja hushuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Kwenye chumba chenye marumaru chini, kuta tupu na kochi moja, ukiwa mita mbili utarekodi chumba zaidi ya mtu. Hakuna bei inayoondoa hilo.

Kwa hiyo nenda dukani na kamera yako mwenyewe, kadi na hedifoni za kufunika masikio. Hakikisha kwanza kamera ina tundu la maiki: Canon 4000D haina kabisa. Canon 200D na M50 zinalo, ila hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo itabidi usikilize ulichorekodi kwenye kompyuta. Tazama na pini ya waya. Ya kamera ina mistari miwili myeusi. Ya simu ina mitatu. Ukichomeka ya simu kwenye kamera unaweza kupata sauti hafifu, ya upande mmoja, au usipate kitu.

Zima urekebishaji sauti wa otomatiki kwenye menyu ya kamera. Ukiuacha, msemaji akinyamaza tu kamera inapandisha kiwango yenyewe, feni na mvumo vinajaa, na maiki nzuri na mbovu zinafanana. Weka kiwango kwa mkono, sauti ya kawaida icheze karibu na desibeli −12 kwenye kipimo cha sauti cha kamera. Rekodi mtu yule yule akisoma maneno yale yale kwa nusu mita, mita moja na mita mbili. Kisha abaki mita moja, ageuziwe maiki ubavu, halafu mgongo. Usishangae ukimsikia vizuri kiasi maiki ikiwa imempa mgongo: nyingi zina sikio dogo la nyuma, ndiyo maana pumzi za mpiga picha huingia kwenye video. Ukilinganisha maiki mbili, zisawazishe ukubwa wa sauti kabla ya kuhukumu. Yenye sauti kubwa hudanganya sikio kila mara.

Kipimo tunachokipa uzito mkubwa ni ukimya. Baada ya kusoma, kila mtu anyamaze kwa sekunde 30 bila kugusa kiwango, kisha sikiliza ule mvumo wa “ssss”. Mara nyingi hautoki kwenye maiki. Unatoka kwenye kikuza sauti cha kamera, hasa kamera za bei ya kati. Hapo ndipo swichi ya +20 (ya kuongeza desibeli 20) ya maiki kama Rode VideoMic Pro inapojilipia: maiki inatuma sauti kubwa na safi, nawe unashusha kiwango cha kamera hadi alama moja au mbili juu ya sifuri. Maiki ndogo zisizo na betri, zinazokula umeme wa tundu la kamera, hazina msaada huo. Ila wengi huwasha +20 na kuacha kamera katikati. Sauti inapasuka, kisha maiki inalaumiwa. Sauti ikishapasuka wakati wa kurekodi, haitengenezeki.

Sponji inayokuja na maiki inazuia pumzi na upepo mwepesi wa ndani. Kwa kazi za nje, ufukweni au juu ya ghorofa, tafuta koti la manyoya na lihesabu kwenye bei tangu mwanzo. Dukani washa feni ya mezani mwendo wa kati, umbali wa mita moja, urekodi ukiwa na koti na bila koti. Kichujio cha hezi 80, kinachokata sauti nzito zilizo chini ya hapo, hupunguza mngurumo, lakini upepo ukishaizidi kapsuli, yaani kile kinasa sauti cha ndani ya maiki, kichujio hakina la kufanya.

Zungusha pete ya fokasi, gusa mwili wa kamera, tembea hatua chache. Ukisikia vidole vyako, mkono wa mpira unaobeba maiki umelegea, au waya umebanwa ukiwa umekaza na unapitisha mtikisiko.

Kama unajirekodi mwenyewe ukiwa chini ya mita moja kutoka kwenye kamera, nunua bila wasiwasi. Kwa mahojiano ya kukaa, usipande daraja la maiki. Nunua waya wa kurefusha wa mita tatu na stendi, uiweke maiki sentimita 50 juu ya kichwa cha msemaji, nje kidogo ya fremu, ikielekea kifuani. Maiki ya kawaida ikiwa hapo huishinda ya ghali iliyobaki juu ya kamera mita mbili mbali. Kwa kutembea na mtu Kariakoo au River Road, shotgani si chombo chake: chukua ya kubana kwenye shati.

Ukinunua iliyotumika, chezesha pini taratibu wakati wa kurekodi. Ikikwaruza, waya umekatika ndani. Fungua sehemu ya betri utafute kutu ya kijani. Sponji inayobomoka vumbi jeusi ibadilishe kabla vumbi halijaingia kwenye matundu ya mrija.