Miwani ya kusomea na kazi ya cherehani: simu naiona, mshono siuoni

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro, nina umri wa miaka 48. Nilipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano nilinunua miwani ya kusomea namba 2.50 kwa mchuuzi, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha maandishi ya simu vizuri kuliko nyingine zote. Lakini nikikaa kwenye cherehani ni lazima niiname ndipo niuone mshono, nikimtazama mteja mlangoni naona ukungu, na nikiinuka nayo usoni sakafu inakuwa kama imepanda. Ikifika jioni kichwa kinauma. Mume wangu anasema nitaizoea, jirani anasema niivue kabisa kwa sababu itaniharibu macho. Nimsikilize nani?

JIBU: Asante kwa swali lako, dada, na kwa kulieleza kwa undani kiasi hiki, maana dalili ulizozitaja zinatosha kuonyesha chanzo chake. Mume wako ana sehemu ya ukweli na jirani hana, lakini la kwanza la kutazama ni namba yenyewe, kwa kuwa 2.50 haiendani na umbali unaofanyia kazi.

Ndani ya jicho kuna lenzi laini ambayo msuli mdogo huibadilisha umbo kila tunapotazama kitu cha karibu. Lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo tangu ujana, na kati ya miaka 40 na 45 watu wengi huanza kuona kwamba maandishi madogo hayasomeki mpaka yasogezwe mbali. Miwani ya kusomea huifanya sehemu ya kazi ambayo lenzi hiyo haiiwezi tena. Hailegezi msuli wala haiharakishi kukakamaa, kwa hiyo ukiivua leo na kuiweka kabatini, macho yako baada ya miaka mitatu yatakuwa palepale ambapo yangekuwa kama ungeivaa kila siku. Kinachowafanya watu waamini kwamba miwani imewaharibu ni kwamba wakishauonja uoni safi, ule ukungu waliokuwa wameuzoea hauvumiliki tena. Katika utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024, watu wa kazi za mikono waliopewa miwani ya kusomea waliongeza kipato chao cha mwezi kwa takriban theluthi moja ndani ya miezi minane, na kwa fundi anayelipwa kwa nguo anazozimaliza, hilo ni jambo la kuzingatia kuliko maneno ya mtaani.

Sasa turudi kwenye namba. Nachukulia kwamba bila miwani unaona mbali vizuri. Kwa mtu wa namna hiyo, miwani ya kusomea ina mpaka wa mbele ambao jicho haliwezi kuuvuka hata likijitahidi vipi, na mpaka huo unaupata kwa kugawa 100 kwa namba ya miwani. Jibu ni sentimita. Namba 2.50 inakupa sentimita 40, namba 2.00 inakupa 50, namba 1.50 inakupa kama 67, na namba 1.00 inakupa mita moja. Simu unaishika kwenye sentimita 30 au 35, ndani ya mpaka, ndiyo maana dukani ilionekana safi. Sindano ya cherehani, ukiwa umekaa wima, iko kwenye sentimita 45 mpaka 55 kutoka machoni, nje ya mpaka, na mwili wako unaufidia umbali huo kwa kuinama. Shingo iliyoinama kutwa nzima ni sababu ya kutosha ya kichwa kuuma jioni. Mteja aliye mlangoni hawezi kuonekana vizuri kupitia lenzi hiyo, leo wala mwakani, na hapo ndipo ushauri wa mume wako unapokwama: ukungu wa mbali hauzoeleki.

Unao futi kamba, basi utumie. Vaa miwani, mtu akushikilie ncha moja karibu na jicho, kisha sogeza kipande cha kitenge chenye michoro midogo kutoka mbali kuja karibu, ukiandika pale kinapoanza kuonekana safi na pale kinapoanza kufifia tena. Halafu kaa kwenye cherehani kama unavyotaka kukaa, na upimiwe umbali wa jicho hadi sindano. Miwani inayokufaa ni ile ambayo umbali huo unaangukia ndani ya eneo lake safi, si ukingoni. Kwa umri wako natarajia namba 1.50 ikutoshe, kwa kuwa jicho la miaka 48 bado lina nguvu yake kidogo ya kuvuta vitu vya karibu, na kutunga uzi kwenye sentimita 30 kutawezekana. Rudia kipimo hicho kwa jicho moja moja. Macho mawili yakitoa majibu tofauti, miwani ya kununua tayari haitakufaa, kwa sababu lenzi zake zote mbili ni za namba moja, hazirekebishi astigimatizimu (kasoro ya jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote), na katikati ya lenzi huenda kusikae sawa na mboni zako. Kasoro hizo tatu nazo huumiza kichwa, na hiyo ya mwisho huzidi kusumbua kadiri namba inavyokuwa kubwa.

Ile sakafu iliyopanda ina maelezo yake. Lenzi ya kusomea hukuza vitu na kuvionyesha mahali ambapo si pake halisi, hasa ukitazama kupitia ukingo wake, na sakafu yenyewe iko mbali kupita mpaka wa lenzi. Nakusihi usitembee wala kushuka ngazi ukiwa umeivaa, kwa sababu watu huanguka. Kwa mtu wa kazi yako ningependekeza kwanza miwani ya nusu lenzi, ile inayokaa chini kidogo puani, ili umtazame mteja kwa juu yake na mshono kupitia ndani yake. Ukichoshwa na kuvaa na kuvua, ipo miwani ya bifokali ambayo sehemu ya juu ni ya mbali na ya chini ni ya karibu. Ile ya progresivu, ambayo namba yake hubadilika polepole kutoka juu kwenda chini, ni ghali zaidi na eneo lake la karibu ni jembamba, jambo linalomsumbua mtu anayefuata mshono mrefu kwa macho kutoka kushoto kwenda kulia.

Kuzoea kupo, lakini ni kuzoea kwingine. Namba ikiwa sahihi, utauona mshono vizuri siku ileile. Kinachohitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, ni kujifunza kuinua macho juu ya fremu na kuishika kazi kwenye umbali mmoja. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya hapo, rudi upimwe upya.

Taa nayo ina nafasi yake, kwa sababu mwanga mwingi huifanya mboni iwe ndogo, na mboni ndogo hupanua eneo linaloonekana safi. Iweke upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, isije ikatupa kivuli kwenye mshono, na unapotunga uzi mweusi weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano. Usifute lenzi kwa mabaki ya kitambaa yaliyoko mezani, kwa kuwa vumbi la chaki lililoshikamana nayo litaikwaruza. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha uikaushe kwa kitambaa laini kisafi.

Hata kama namba mpya itakukaa vizuri, nakuomba uende kliniki ya macho. Ukishavuka miaka 40 ni muhimu kupimwa presha ya macho, ambayo huharibu mshipa wa fahamu bila maumivu, na hakuna miwani ya barabarani itakayokugundulia. Uoni unaobadilika siku hadi siku unahitaji kipimo cha sukari kabla ya kununua miwani yoyote. Jicho moja likififia ghafla, ukaona vimulimuli, pazia jeusi au mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa kawaida kadi ya maandishi ambayo mpimaji hukusomesha hushikwa kwenye sentimita 40, kwa hiyo unapokwenda beba kipande cha kitambaa, sindano na ule umbali wako wa cherehani ulioandikwa, umwambie mpimaji kazi yako, na umwombe akupimie namba kwa umbali huo.