Mtoto wa miaka mitatu haongei vizuri, mwalimu anasema tuache Kichaga

Dada, pole. Nimekuelewa: mwanao ana miaka mitatu, bibi anamsemesha Kimachame, yaani Kichaga cha Machame, nyinyi Kiswahili, maneno yake ni machache, na mwalimu wa chekechea kawaambia Kichaga kikome nyumbani. Msikikomeshe. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Mwenye tatizo la lugha, litaonekana kwenye zote mbili.

Tiba ya usemi ndiyo kazi yangu hapa Moshi, na hilo la lugha mbili nililijua darasani tu mpaka nilipochemka. Niliwahi kuletewa binti wa miaka miwili. Nikamwonyesha picha, nikauliza kwa Kiswahili, nikapata maneno ishirini na kitu. Nikaandika "amechelewa". Bibi yake nilimwacha nje kwenye benchi. Tulipotoka, akamuuliza kitu kwa Kimachame, na yule binti niliyemwona bubu akamwagika maneno, akadai mringa, yaani maji, akanisengenya nadhani. Nikachana karatasi. Kwa miaka miwili tunatarajia maneno kama 50, lugha zote zikijumlishwa, na kuyaunganisha mawili mawili. Alikuwa nayo, tena yakabaki.

Picha zenyewe zilitoka Uingereza. Ya theluji aliita "Kibo", kile kilele cheupe cha Kilimanjaro. Nilimpa alama.

Kwa hiyo wiki hii shika daftari, bibi naye achangie. "Maji" na "mringa" andika mawili. Akisema "nataka mringa" hajachanganyikiwa, ndivyo tunavyoongea wote sokoni Mbuyuni. "Kitabu yangu" nayo, kama nyumbani mnasema hivyo, si ugonjwa. Na vipimo vya Kiingereza visikutishe: "sijaiona" kwetu ni neno moja, kwao ni sentensi nzima.

Kabla ya yote kapime masikio, hata kama anageuka ukimwita. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa asisikie "s" wala "f".

Kinachonitia wasiwasi ni kama hata bibi anasema mtoto ni kimya kwa Kimachame pia, au haelekezi kidole, haitiki jina lake, au ameacha maneno aliyokuwa nayo. Hapo usisubiri "ataongea tu, baba yake naye alichelewa".

Ukienda kwa mtaalamu, nenda na bibi. Wakisema asubiri nje, kataa.