Kangombe kangu ka nyumbani kakule nini?

Swali: Dokta, jambo. Niko na kangombe kajike hapa Himbi, bwana yangu alikatosha Masisi kameshaacha kunyonya, siyo ka kuchinja, ni ka kufuga tu, watoto wanakapenda sana. Tunakapa bugali yenye imebakia, mikate, pumba ya mahindi, na majani kidogo juu parsele yetu ni mawe ya volkano tupu. Sasa tumbo inavimba, mavi imekuwa mayi. Na jirani anasema tukipunguza chakula katabakia kadogo kama zile za Marekani. Ni kweli?
Mama wa Himbi, Goma

Jibu: Mama, aksanti ya kuuliza. Nianze na jirani: hapana, siyo kweli. Zile ngombe ndogo za Marekani na Ulaya ni ndogo ya kuzaliwa, ni ukoo wao, kama Dexter ya Ireland, jike mzima anafika kilo 300 mpaka 350, ao zebu ndogo zenye hazipite sentimita 107 ku mabega. Wa kwako ukimunyima chakula hatageuka ukoo ingine, atakuwa tu ngombe mgonjwa, na siku ya kuzaa mtoto atakwama ndani juu nyonga haikukomaa. Tafadhali musifanye hivyo.

Sasa tumbo. Bugali na mikate ni wanga, na wanga ikiingia mingi inachacha haraka mu tumbo kubwa la ngombe, inatoa asidi, vile vijidudu vyenye vinamusaidia kusaga majani vinakufa, njo unaona kuhara na kuvimba. Acheni bugali na mikate leo hii, muambie na watoto, mapenzi yao wamuoneshe kwa kumukuna shingo. Mupe nyasi kavu na mayi safi, uangalie kama anacheua. Ubavu wa kushoto ukikaza kama ngoma na anahema kwa nguvu, ita veterineri saa hiyo hiyo, hata ni usiku, juu hiyo inaua mu masaa tu.

Akishapona, kipimo ni hiki. Chukua meta ya fundi wa kushona, pima kwa sentimita kifua, kuzunguka mwili nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka bega mpaka mfupa wa matako. Kifua mara kifua mara urefu, gawa na 10840, unapata kilo karibu karibu. Kifua 120 na urefu 100 inatoa kilo 133. Ngombe anahitaji kwa siku chakula kikavu cha karibu 2,5 ku mia ya uzito wake, kwa huyo ni kilo 3 na kitu, na majani mabichi juu ni mayi mengi inakuwa kama kilo 16. Ni mzigo kweli! Kama parsele haina udongo, panga na mtu wa kukata mabingobingo akuletee kila siku, ongeza matembele na maganda ya ndizi. Dreshi ya bia, yale mabaki ya nafaka ya kutengeneza bia, ni muzuri ila kidogo, na ikiwa freshi. Majani ya avoka hapana, maganda mabichi ya muhogo mchungu hapana, na okoteni masashe (mifuko ya plastiki) na misumari yote mu parsele, anameza bila kuchagua. Chumvi ya kulamba isikose.

Swali: Jivu ya volkano ikianguka ku majani, mbuzi na ngombe wanaweza kula?
Msomaji wa Keshero

Jibu: Wasile vile. Jivu inabeba florini, ikizidi inaharibu meno na mifupa ya mnyama, na ile michanga inakwaruza meno. Kung'uta majani, osha na mayi safi, ao wape nyasi kavu yenye ilikuwa ndani. Mayi ya mvua ya ku bati wakati jivu inaanguka umwage, usiwape, na weye mwenyewe usikunywe.