Kisukari na kutafuta mtoto: matayarisho yanayotangulia mimba

Nilipobeba mimba ya kwanza nilikuwa na miaka 26, nimeolewa Tukuyu, na nilikuwa nimeishi na kisukari cha aina ya kwanza kwa miaka 11. Nilikwenda kliniki ya wajawazito mimba ikiwa na wiki 10, nikijiona nimewahi kuliko wenzangu wengi. Muuguzi aliyenipokea aliniomba nimwonyeshe dawa zote ninazotumia, nami nikazitoa kwenye mkoba na kuzipanga mezani: chupa ya insulini, bomba za sindano, na pakiti ya enalapril niliyoandikiwa kwa ajili ya presha. Aliichukua ile pakiti, akaisoma mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ulipoanza kutafuta mtoto ulimwambia daktari wako wa kisukari?" Sikuwa nimemwambia, na daktari naye hakuwahi kuniuliza. Wiki tatu baadaye mimba ile iliharibika.

Sisemi kwamba kidonge kile ndicho kilichoniharibia mimba, kwa sababu hakuna aliyeweza kunithibitishia hivyo, na sukari yangu yenyewe ilikuwa mbaya. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, ambacho maabara hukiita HbA1c, kilisoma asilimia 11. Jambo lililonichoma ni kwamba kwa miaka mingi sikukosa kliniki ya kisukari hata mwezi mmoja, nikapimwa uzito, presha na sukari, nikaandikiwa dawa, na katika siku zote hizo hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke mwenye kisukari anapaswa kujiandaa kabla ya kushika mimba.

Sababu ya kujiandaa mapema ni hii. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huumbika katika wiki za mwanzo kabisa, na mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanashangaa mbona siku zao zimechelewa. Sukari ikiwa juu katika wiki hizo, hatari ya mtoto kuumbika na kasoro au mimba kutoka huongezeka, na hupungua kadiri sukari inavyoshuka. Kwa hiyo mama anayeanza kliniki mwezi wa tatu au wa nne, hata akihudumiwa vizuri namna gani, hukuta sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufanyika.

Kikwazo cha kwanza ninachokiona, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni kwamba huduma hizi zina milango miwili isiyozungumza. Kliniki ya kisukari ina siku yake, na foleni yake imejaa wazee, hivyo binti wa miaka 24 aliyekaa katikati yao hatazamwi kama mtu anayeweza kupata mimba mwezi ujao. Uzazi wa mpango uko jengo jingine, na pale wahudumu huuliza habari za watoto lakini mara nyingi hawaulizi habari za sukari. Anayepita milango yote miwili ni mgonjwa peke yake, tena bila kujua kwamba yeye ndiye anayepaswa kuunganisha habari.

Kikwazo cha pili ni hofu, na hofu hii hupandwa na maneno. Nilipokuwa sekondari mhudumu mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba kwa hali yangu nisithubutu kuzaa. Neno lile nililibeba hadi kwenye ndoa, na ndilo lililonifanya nitafute mtoto kimyakimya, kwa kuogopa kwamba nikimwambia daktari atanikataza. Ninajua dada wengine wa Iringa na Njombe walioficha ugonjwa wenyewe kwa wachumba wao kwa hofu hiyohiyo, wakajidunga sindano chooni. Ukweli ni kwamba wanawake wengi wenye kisukari huzaa watoto wazima. Wapo wachache ambao figo, macho au moyo wao umeathirika kiasi kwamba mimba ni hatari kubwa kwao, na hao wanastahili kuelezwa kwa upole na kwa vipimo, si kwa kauli ya korido.

Nyumbani nako kuna uzito wake. Kujiandaa maana yake ni kuzuia mimba kwa muda, na katika ukoo unaosubiri mjukuu, mkamwana anayetumia uzazi wa mpango huonekana kama anayekataa kuzaa. Mimi nilikaa na mume wangu, nikamwomba afuatane nami kliniki, na daktari akamweleza yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo mama mkwe alipouliza, aliyejibu ni mwanawe, "Mama, tunasubiri sukari ikae sawa." Sijui ningewezaje kulibeba jibu hilo peke yangu.

Matayarisho ya mimba ya pili yalichukua miezi minane. Daktari aliniambia tulenge HbA1c iwe chini ya asilimia 6.5, mradi tuweze kuifikia bila sukari kushuka kupita kiasi, na akasisitiza kwamba kwa aliye juu ya asilimia 10 ni heri asubiri kwanza. Aliniondoa kwenye enalapril na kunipa dawa nyingine ya presha inayofaa kwa mjamzito. Ndugu zangu mnaotumia enalapril, captopril, losartan, au dawa za kushusha mafuta kama atorvastatin, mwambieni daktari mapema kwamba mnatafuta mtoto, wala msiziache kwa uamuzi wenu wenyewe, kwa kuwa presha isiyo na dawa nayo ni hatari. Wenye kisukari cha aina ya pili wanaotumia vidonge jambo hili linawahusu vilevile. Metformin mara nyingi huendelea, na baadhi ya vidonge vingine hubadilishwa kuwa insulini. Niliandikiwa pia vitamini iitwayo foliki asidi, miligramu 5 kila siku, ambayo ni kipimo kikubwa kuliko kile cha kawaida cha wajawazito, nikaimeza tangu kabla ya kuacha uzazi wa mpango hadi wiki ya 12 ya mimba. Figo na macho vilipimwa mwanzoni kabisa, kwani sukari ikishushwa kwa haraka macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kuharibika.

Gharama na umbali havikuwa vitu vidogo. Kipimo cha HbA1c nilikifuata Mbeya mjini, kilomita zipatazo 70 kutoka kwetu, na vijiti vya kupimia sukari kisanduku kimoja ni 50, navyo huisha ndani ya siku 13 ukipima mara nne kwa siku. Sikumudu hivyo. Daktari alinishauri nipime kwa mzunguko: leo kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha mchana, kesho kabla ya chakula cha jioni na wakati wa kulala, nikiandika kila namba kwenye daftari pamoja na nilichokula. Daftari lile ndilo lililonifundisha kwamba sahani ya ndizi niliyoizoea ilipandisha sukari yangu hadi 14 (kwa milimoli kwa lita, kama mashine ya kupimia inavyosoma), na nusu yake pamoja na maharage na mboga iliniacha kwenye 8.

Kuibana sukari kuna hatari yake pia, kwani inaweza kushuka kupita kiasi. Usiku mmoja wa Juni, katika baridi ile ya Tukuyu, niliamka shuka limelowa jasho na ulimi mzito, nikashindwa kutamka jina la mume wangu. Alikuwa amekwisha kufundishwa, akaninywesha maji yenye sukari nyingi, akanipima, ikasoma 2.6. Asiyejua ugonjwa wa mkewe asingejua la kufanya usiku huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoficha.

Kwa anayeanza, siku ya kliniki ijayo mwambie daktari kabla hajaandika chochote: "Ninataka kupata mtoto, naomba tupange." Kama hutaki mtoto kwa sasa, mwambie hilo pia, upate njia ya uzazi wa mpango inayokufaa. Na kama unasoma haya na tayari siku zako zimepita, usingoje tumbo lionekane wala usiache insulini; pima mimba, kisha nenda kituo cha afya wiki hiihii ukiwa na dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, uwaombe wakupe rufaa kwenda kwenye hospitali yenye daktari wa kisukari na wa uzazi.