Chelezo kilibaki gereji, kombe wakachukua

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi ni mhasibu, kazi yangu iko Upper Hill, ila wikendi nyingine hushuka Pwani kwa treni kwenda kuwa baharia kwenye mashua ya marafiki. Mbio za juzi zilikuwa za kulala baharini, na kila mashua ilitakiwa ibebe chelezo cha kuokolea maisha, kile cha kujaa hewa. Sisi tulichangishana tukanunua. Walioshinda walitutangulia kwa dakika 4, kisha ikajulikana chelezo chao kilibaki gereji Mombasa. Kamati imewapa onyo la mdomo. Nahodha wetu anasema tunyamaze, eti kilo 40 si kitu. Je, ni haki? Na fataki zetu za ishara zilizopitwa na tarehe zingetuponza? (Msomaji, South B)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu uzito simbishii nahodha wenu. Kilo 40 ni nusu ya mtu, na kwa mashua ya tani kadhaa, dakika 4 za usiku kucha mngeweza kuzipoteza kwa kubisha vibaya (kugeuza mashua dhidi ya upepo) mara moja tu.

Ila mwambie asome kanuni ya 1.1 katika kitabu cha World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu wa mashua: kila mashua itoe msaada wote inaoweza kwa yeyote aliye hatarini. Basi wale wangeanza kuzama saa tisa usiku, ninyi ndio mngegeuza usukani kuwafuata gizani, na kusi linavuma. Usalama walioukataa kuulipia walikuwa wameuhesabu ndani ya mashua yenu, bila kuwaomba. Hapo ndipo mlipodhulumiwa. Dakika 4 ni jambo dogo.

Novemba 2020, katika Vendée Globe, mbio za kuzunguka dunia baharia akiwa peke yake, mashua ya Kevin Escoffier ilivunjika kusini-magharibi mwa Cape Town. Aliingia kwenye chelezo chake, na Jean Le Cam akamwopoa usiku. Yannick Bestaven, mmoja wa walioacha njia yao wakaenda kumtafuta, alirudishiwa muda wa saa 10 na dakika 15. Charlie Dalin ndiye aliyetangulia kuvuka mstari wa kumalizia, lakini mshindi akawa Bestaven. Hivyo ndivyo haki ya baharini inavyohesabiwa.

Msije mkadhani chelezo ni hirizi lakini. Katika mbio za Fastnet, kati ya Uingereza na Ireland, za 1979 mabaharia 15 walikufa. Mashua 24 zilihamwa, zikazama 5 tu, na vyelezo vingine vilisambaratika vikiwa na watu ndani. Kwa hiyo, chenu kilikaguliwa lini na fundi? Kama hujui, uliza kabla ya kulalamikia cha jirani.

Hilo onyo la mdomo sijui limechimbuliwa wapi. Anayevunja kanuni hufikishwa mbele ya jopo la malalamiko, pande zote zikasikizwa, na akikutwa na kosa huondolewa kwenye matokeo ya mbio hizo, isipokuwa adhabu nyingine imeandikwa. Lalamiko ni la maandishi. Maelekezo ya mbio yasipotaja muda, mna saa 2 tangu mashua ya mwisho imalize, na jopo linatakiwa kuuongeza likiona sababu nzuri. Kugundua baadaye kwamba chelezo kiko gereji ni sababu nzuri, nionavyo mimi. Andikeni leo, msingoje kikao cha mwaka.

Fataki? Ndiyo, zingewaponza, na mngestahili. Ila ningekuwa kwenye kamati, nisingeweka mizani moja kwa fataki iliyopitwa mwezi mmoja na chelezo kisichokuwepo. Fataki ingegharimu dakika kadhaa, chelezo kingegharimu mbio nzima, na yote yangeandikwa kabla watu hawajalipa ada. Ukaguzi nao ufanyike mashua zikiwa bado zimefungwa. Mkaguzi anayepanda mashuani baada ya kombe kutolewa anakagua nini? Na wasio na pesa za kununua waruhusiwe kukodi. Bahari haiulizi risiti ni ya nani.

Hizo fataki kuukuu msizirushe Diani usiku wa mwaka mpya. Mtu wa doria akiziona ataingia majini kuwatafuta.